Gari la Uani kwa Mama Shariff

Nyumba ya Mama Shariff, kule Bondeni mjini Nakuru, ilijulikana kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa mahamri yake, yaliyonukia iliki tangu barabarani, na ambayo wafanyakazi wa reli waliyangoja stesheni kila asubuhi kama watu wanaongoja mshahara. La pili lilikuwa gari bovu lililokaa uani, chini ya banda la mabati, limeinuliwa juu ya mawe.

Lilikuwa Chevrolet ya zamani, ya zile zilizokuwa na paa la turubai, iliyoingia nchini kabla ya ile miaka ya nzige. Turubai lenyewe lilikuwa limeoza zamani, zikabaki fito tu kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa kiangazi. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Panya walikuwa na mji wao ndani ya injini. Mama Shariff mwenyewe alikuwa akianika matambara ya jikoni juu ya mlango wa dereva, na wageni walipouliza habari za gari lile, alijibu, "Hilo ni la mwenye nyumba," kisha akabadilisha mazungumzo.

Jina lake hasa lilikuwa Kuluthum. Alizaliwa papo hapo Bondeni, babake akiwa mtu wa Mombasa aliyekuja bara na reli na hakurudi tena. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mipana iliyozoea kukanda unga, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wengine: neno likishamtoka, limetoka. Mwanawe wa pekee, Shariff, alikuwa na kazi Kisumu. Nyumbani walibaki yeye na mumewe, Hemed, aliyekuwa akipima magunia katika ghala la mahindi karibu na stesheni.

Basi asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na saba, Bwana Afya, mkaguzi wa manispaa, akapiga hodi. Alikuwa kijana aitwaye Kimaiyo, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi mpaka imekuwa kama ubao. Alikagua choo, akakagua karo la maji machafu, akaridhika. Kisha akaingiza fimbo yake chini ya boneti ya gari, akachokora. Panya mmoja mnene akachomoka, akapita juu ya kiatu chake.

"Mama, hiki ni nini?" aliuliza, akirudi nyuma.

"Ni gari."

"Gari hutembea, mama. Hiki ni kiota cha panya. Unajua panya huleta tauni? Mwezi ujao nikirudi nisikikute hapa. Nikikikuta, lori la manispaa litakuja kukizoa, kikatupwe shimoni."

Kuluthum alisimama na mwiko mkononi. Haki ya Mungu, hakuwa na sababu ya kulitetea lile gari. Mara ngapi alikuwa amelitukana, alipojigonga goti kwenye bampa lake akipita na ndoo? Lakini aliposikia neno shimoni, akageuka kulitazama. Aliliona gari lile jinsi lilivyokuwa kabla ya vita, limeng'arishwa mpaka unajiona uso, na Hemed nyuma ya usukani, kofia ya kazi imeegemea sikio, akiwapakia abiria wa Njoro na wa Subukia, akiwatania njia nzima. Hemed yule alikuwa mtu wa kucheka mpaka machozi yamtoke.

"Ukirudi, bwana," alisema, "utalikuta linatembea."

Kimaiyo alitabasamu kwa adabu, akaenda nyumba ya pili. Mama Shariff alibaki pale uani akilitazama gari, na gari kama linamtazama. Neno lilikuwa limeshamtoka.

*

Hemed alikwenda vitani kama dereva wa lori, akapelekwa Uhabeshi. Huko, katika mvua, njia ya mlimani ilimomonyoka chini ya magurudumu yake, lori likaenda bondeni na askari waliokuwa nyuma. Yeye alirushwa nje akaokoka. Vijana kadhaa hawakuokoka. Wakubwa walichunguza wakasema hakuwa na kosa, na wenzake walisema vivyo hivyo, lakini Hemed hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alirudi Nakuru, akaweka kofia sandukuni, akatafuta kazi ya kupima magunia. Akipanda basi alikaa nyuma kabisa na kufumba macho. Watu walipomwomba awapeleke mahali na gari lake, aliwaambia ni bovu, na baada ya miaka michache likawa bovu kweli.

Jioni ile, walipokwisha kula, Kuluthum alimmiminia chai.

"Baba Shariff, Bwana Afya alikuja leo. Anataka kulitupa gari shimoni."

"Waache walitupe."

"Haliendi shimoni. Nitalitengeneza."

Hemed aliinua macho. "Wewe?"

"Mimi."

"Na nani ataliendesha?"

"Mimi pia."

Mzee wa watu alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Fanya utakavyo," alisema mwishowe. "Ila mimi silishiki."

"Sijakuomba ulishike," alijibu mkewe kwa upole, akamwongezea sukari.

*

Alianza na kuku. Akawahamisha kwenye tenga, nao wakalalamika siku nzima. Kisha akaja Namalwa, jirani mwenye nguvu za watu wawili, aliyekaa chumba cha pili katika ua uleule, chumba alichokuwa akikaa Wamaitha na wanawe kabla lori la serikali halijawachukua mwanzoni mwa Hali ya Hatari. Namalwa alishika jembe, Kuluthum akashika moto wa majani makavu, na panya wakahama kwa wingi ambao Bondeni iliuzungumzia mpaka Ijumaa.

Lilipokuwa tupu, Kuluthum alichukua hendeli ya kuwashia, akaichomeka mbele ya injini, akaizungusha. Haikwenda. Namalwa akajaribu, mishipa ikamsimama shingoni. Haikwenda. Wakaning'inia wote wawili juu ya ile hendeli kama watoto juu ya tawi la mpera. Injini ilikuwa imeshikana kama jiwe.

Basi akajitanda buibui lake, akaenda kwa Tejinder Singh.

Huyu alikuwa Kalasinga mzee mwenye gereji ya kutengeneza trekta za wenye mashamba, mtu wa sauti kubwa, ndevu zake zimeingia grisi. Kuluthum alimkuta amelala chini ya trekta, akaisemesha miguu yake.

"Mama, mimi natengeneza trekta," miguu ilijibu. "Hii gari yako ni ya zamani ya babu. Mimi hapana na nafasi."

"Sikuja kukuomba ulitengeneze, fundi. Nimekuja kukuomba uniambie la kufanya, nilifanye mimi."

Miguu ikajikunja. Kisha Tejinder akajitokeza, akakaa kitako juu ya udongo, akamtazama.

"Nani alifundisha wewe kazi ya fundi?"

"Hakuna. Lakini jiko nimelijenga mwenyewe, cherehani naifungua na kuifunga mwenyewe. Mtu aliyeunda gari si alikuwa na mikono miwili kama yangu?"

Fundi alicheka, akajifuta mikono. "Jumapili nakuja kuona. Kuona tu."

Jumapili alikuja, akaona, na akabaki mpaka saa za adhuhuri. Alizunguka gari akiligonga hapa na pale, akisikiliza. Alipofika kwenye injini alitoa plagi, akachungulia ndani ya matundu, akanusa.

"Imelala sana, lakini haikufa," alisema. "Sikia, mama. Usilazimishe. Ukilazimisha unavunja. Weka mafuta taa na oili hapa ndani, kidogo kidogo, kila siku. Ngoja. Ikilainika yenyewe, itakuambia."

Neno hilo Kuluthum alilielewa barabara. Unga usioachwa ukapumzika huchanika ukiusukuma. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akimaliza kukaanga, alichukua kikombe chake cha mafuta, akainywesha injini, tundu baada ya tundu, kisha akaijaribu hendeli kwa mkono mmoja, bila kutumia nguvu. Haikwenda. Alisema, "Haya, kesho," akaenda kufua.

Hakukaa bure akingoja. Yeye na Namalwa walilifungua tangi la petroli, wakatia kokoto na mafuta taa ndani, wakaziba mdomo kwa kitambaa, wakalibiringisha uani huku na huku, wakiimba, mpaka mikono ikafa ganzi. Yaliyomwagika yalikuwa mekundu kama chai ya rangi iliyochacha. Wakarudia, na kurudia tena, mpaka yakatoka meupe. Kabureta aliichemsha kwenye sufuria na magadi, na sufuria ile haikurudi jikoni tena. Viti akavishona upya kwa turubai la kijani, akavijaza sufi, na mishono yake ilikuwa ya kutazamwa. Tejinder, ambaye alikuwa amekuja kuona tu, sasa alikuja kila Jumapili, na kabla ya kugusa waya hata mmoja alimfanya Kuluthum afungue breki za magurudumu yote, azisafishe, azirekebishe.

"Kuondoka kila gari inajua," alisema. "Kusimama ndiyo kazi."

Jioni Hemed alirudi kutoka ghalani, akapita uani bila kugeuza shingo, akaingia ndani. Lakini Kuluthum aliona jambo. Spana aliyokuwa ameiacha sakafuni chini ya banda, asubuhi aliikuta imefutwa, imewekwa juu ya ubao.

Halafu asubuhi moja alipoigusa hendeli, ikasema *tk*, ikaenda kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Akaivuta tena. Ikazunguka nusu. Kuluthum akapiga vigelegele vya kuitikiwa mtaa mzima, na Namalwa akatoka mbio na khanga mkononi, akidhani kuna mtu amejifungua.

*

Jumapili iliyofuata Tejinder aliunga betri na waya. Wakatia petroli. Wakazungusha hendeli. Hakuna hata kikohozi. Wakazungusha tena. Fundi akafungua kifuniko cha distributa, akainamia, akachungulia ndani.

"Mama, rota hakuna."

"Rota ni nini?"

Alimwonyesha mahali palipokuwa patupu. Kilikuwa kitu kidogo, hakizidi kidole gumba, alisema, kinachozunguka na kugawa moto kwa kila plagi. Bila hicho, injini nzima ni mzigo wa chuma.

"Labda imeanguka?"

"Haiwezi anguka. Kifuniko ilikuwa imefungwa vizuri. Mtu alifungua, akatoa, akafunga." Tejinder alijikuna ndevu. "Na hii ya zamani siku hizi hakuna Nakuru. Hata Nairobi sidhani."

Alipokwenda zake, Kuluthum alikaa kwenye ubao wa kukanyagia wa gari, mikono mapajani. Hakuhitaji kufikiri sana. Ni mtu mmoja tu aliyejua kufungua kile kifuniko na kukifunga vizuri. Alimwona kama alikuwepo: Hemed amerudi kutoka vitani, watu wamejaa uani, huyu ana mgonjwa, yule ana safari, na yeye hawezi kuwaambia kwamba miguu inamkataa akikaa mbele ya usukani. Mtu akaona heri gari liitwe bovu kuliko yeye. Hasira ilimpanda Kuluthum, kisha ikashuka, na iliposhuka ilimwacha na huruma nyingi kiasi kwamba ilimbidi asimame ashike kazi.

Angeweza kumwuliza. Angejibiwa, kwa maana Hemed hakuwa mwongo. Lakini kuna majibu yanayomvua mtu nguo.

Baada ya chakula alisema, kana kwamba anasimulia habari za sokoni, "Fundi anasema kwenye distributa hakuna rota. Nadhani panya walikibeba hicho kitu."

Hemed aliweka kikombe chini. Alimtazama mkewe kwa muda, na mkewe alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Panya," Hemed alisema.

"Hao panya walikuwa wakubwa, wewe mwenyewe uliwaona."

"Ndiyo," alisema polepole. "Panya."

Kesho yake Kuluthum alipoamka, mumewe alikuwa ameshatoka, na ghalani walituma mtu kuuliza mbona hakufika kazini. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Namalwa akasema labda waende polisi. Kuluthum akasema wangoje. Aliendelea kukanda unga wa kesho, na akakanda mwingi kuliko ilivyohitajika.

Jua likikaribia kuzama, lori la maziwa la Subukia likasimama mbele ya nyumba. Hemed akateremka kutoka nyuma kabisa, kichwa chote vumbi, akateremsha na magurudumu mawili yenye mipira mizima. Akaingia uani akiyabiringisha. Kisha akatoa leso mfukoni, akaifungua mbele ya mkewe. Ndani yake mlikuwa na rota.

"Kile walichobeba panya hakipatikani tena. Kuna shamba kule Subukia," alisema, "walikuwa na gari ndugu ya hili. Nilikuwa nikiegesha pembeni yake zamani. Walilikata wakafanya trela, lakini injini walikuwa wameitupa stoo. Nyapara wa sasa anaitwa Owino. Nilimwambia shida yangu, akaongea na mwenye shamba, akanipa rota na haya magurudumu, maana mipira ya mawili yetu imeoza. Nikamwuliza nimpe nini. Akasema hataki kitu, ila siku likiwaka nimpelekee alione."

"Umekwenda Subukia kwa basi?"

"Kwa basi."

"Na ule mteremko wa Subukia?"

"Nilifumba macho," alisema Hemed, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alicheka kidogo. Akakunja mikono ya shati, akaenda moja kwa moja kwenye banda. "Niletee spana ndogo, Mama Shariff. Na taa, kabla giza halijaingia."

Vidole vyake havikuwa vimesahau. Kuluthum alisimama kando akishika taa ya chemni, akaviona vikiingia penye giza la injini na kujua njia zao, kama vidole vya mtu anayesoma tasbihi. Hakumwambia kwamba alisema halishiki. Kuna mambo mke mwenye akili huyaacha yapite.

Asubuhi wakamwita Tejinder, wakamwita na Namalwa. Hemed alimweka mkewe nyuma ya usukani, akamwonyesha cha kuvuta na cha kurudisha. Yeye mwenyewe akashika hendeli, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudisha teke isimvunje mkono. Akavuta. Kimya. Akavuta tena, injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi na manyoya ya kuku. Akavuta mara nyingine, na gari likanguruma, likatetemeka lote kwenye mawe yake, mabati ya banda yakalia, kuku wakaruka ukuta.

Tejinder alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Sikia hiyo," alisema. "Sikia hiyo! Kama cherehani."

*

Kimaiyo aliporudi, alikuta banda tupu, limefagiliwa na kupakwa chokaa. Gari lilikuwa barabarani mbele ya nyumba, na Mama Shariff ndani yake, buibui limefungwa vizuri, akiliendesha kutoka kona hadi kona chini ya macho ya Hemed aliyetembea pembeni. Likashtuka, likazima. Likawashwa tena. Bwana Afya alisimama kando ya mtaro mpaka likapita mbele yake kwa heshima zote.

"Nilisema linatembea," alisema Kuluthum kutoka ndani.

"Nimeona, mama. Hongera. Na panya je?"

"Hao waulize majirani."

"Usimsikilize, Bwana Afya!" Namalwa alipiga kelele dirishani. "Kwangu hawapo!" Kimaiyo ikambidi aingie akague, na akakuta kweli hawapo.

Kujifunza kuendesha kulikuwa kazi kuliko kutengeneza. Walikwenda kwenye uwanda mweupe karibu na ziwa, mahali ambapo hapana cha kugonga isipokuwa ndege, na hao waliruka wenyewe. Hemed alifundisha kutoka nje. Alitembea, alikimbia, alisimama mbele na kupunga mikono. Ndani hakuingia. Kuluthum alizikwaruza gia, akazililia, akazitukana, na siku moja zikaanza kumtii, kama unga unavyoacha ghafla kunata mikononi. Mzungu wa polisi aliyemjaribu kwa ajili ya leseni alimpitisha kwenye kilima mara mbili, asiamini, kisha akatia saini bila neno.

Ikabaki ahadi ya Owino.

Waliondoka asubuhi, kikapu cha mahamri na sambusa kiti cha nyuma, Kuluthum kwenye usukani. Na Hemed, baada ya kulizunguka gari na kulikagua kila msumari, alifungua mlango wa mbele akaingia. Mkewe alitazama mbele, asije akamtia aibu kwa kumtazama. Njia nzima ya tambarare alikaa wima, mkono mmoja umeshika mlango, akitaja gia: "Sasa ya tatu. Rudisha ya pili. Vizuri."

Walipofika juu ya mteremko, bonde lote la Subukia likafunguka chini yao, mashamba ya kahawa na mahindi, na njia ya murram ikishuka kwa kona upande wa genge.

"Simamisha," alisema Hemed.

Akasimamisha, akavuta breki ya mkono. Uso wa mumewe ulikuwa umelowa jasho.

"Mimi nitashuka kwa miguu. Wewe nenda na gia ya kwanza. Usiitoe hata ukiona njia imenyooka."

"Sawa, Baba Shariff."

Hakumbembeleza. Alimwacha atangulie, akamfuata kwa mwendo wa miguu, injini ikiguna na kulizuia gari. Hemed alitembea mbele katikati ya njia, na kila alipokuta jiwe alilipiga teke likatoka. Hivyo ndivyo walivyoshuka, mtu na gari lake nyuma yake kama ng'ombe anayefuata mchungaji.

Wakafika kona mbaya, na kutoka chini likaja lori la mahindi, limejaa mpaka juu, likipanda kwa shida. Lisingeweza kusimama, likisimama halitaondoka tena. Dereva wake akapiga honi. Njia ilikuwa nyembamba, na upande wa Kuluthum ndio uliokuwa wa genge.

Kuluthum alikanyaga breki. Alimtazama Hemed. Hemed alikuwa ameganda katikati ya njia. Kisha akafanya jambo ambalo Kuluthum hakulisahau maisha yake yote. Alikwenda mpaka ukingoni kabisa, pale udongo ulipoishia, akainama, akatazama chini. Alitazama vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayepima gunia. Akagonga ardhi kwa kisigino, akagonga tena. Akageuka, akainua mikono miwili.

"Njoo," alimwambia. "Njoo kwangu. Usitazame chini, nitazame mimi. Njoo... njoo kidogo... tena kidogo. Basi! Hapo hapo. Vuta breki."

Vijiwe vichache vilitoka chini ya gurudumu, vikaenda zao. Lori likapita, likiacha nafasi ya kupitisha kiganja, na dereva wake akamnyoshea Hemed mkono. Vumbi likawafunika. Lilipotulia, Hemed alikuwa bado amesimama ukingoni, mgongo kwa genge, akipumua kama aliyetua mzigo.

Akaja, akafungua mlango, akakaa.

"Twende," alisema. "Ya kwanza hiyo hiyo. Kona inayofuata ni pana."

Owino aliwapokea kwa shangwe, akaweka kiganja juu ya boneti akaisikiliza injini kama mganga, akala mahamri mpaka akaomba maji. Kurudi, kwenye ule mteremko, Hemed alibaki kitini. Alishika mlango kwa mikono miwili na kusali kwa sauti, lakini alibaki, na macho yalikuwa wazi.

Hakuendesha tena gari maishani mwake, wala mkewe hakumwomba. Alikuwa ndiye fundi wake. Kila Ijumaa baada ya sala alilala chini ya lile gari na Tejinder, wakibishana. Mama Shariff alipeleka vyakula vya harusi Njoro na Naivasha, na mara moja hata Olenguruone kwenye matope, akasukumwa na nusu ya soko. Mwaka uliofuata walilipeleka Kisumu kumwona mwana wao. Shariff alisikia mngurumo mlangoni, akatoka, akamkumbatia babake, akambusu mamake mkono, kisha akaanza kuchungulia nyuma ya gari huku na huku.

"Unatafuta nini?" babake alimwuliza.

"Dereva. Nimkaribishe chakula."

"Umeshambusu mkono," alisema Hemed, akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mpe maji anawe, ametoka mbali."